UZI: Kigari chako cha rimoti, cha lami au cha sebuleni, ulikichaguaje? Tupeane uzoefu

Mleta uzi (Dar)

Habari za humu wakuu. Nikirusha video ya kigari changu, swali la kwanza ni lilelile: "Mkuu, kinafika spidi ngapi?" Swali hilo halijawahi kumsaidia mtu kununua. Mimi naanza na hili: utakiendeshea wapi?

Nazungumzia vigari vya umeme vya kukimbizana kwenye njia yenye kona, si vya kurukia matuta, wala vile vya Kariakoo ambavyo usukani ni kushoto yote au kulia yote, katikati hamna. Kigari cha maana kinakata kona kwa kadiri unavyozungusha, gesi hivyohivyo, na kila kipuri kinanunuliwa peke yake.

Piga hesabu. Ukubwa wa vigari hivi huandikwa kama sehemu ya gari halisi: 1/28 ni gari lililogawanywa kwa 28. Gari la mita 4.5 ukiligawa kwa 28 unapata sentimita 16. Ukiligawa kwa 10 ni sentimita 45. Hicho cha kwanza kinazunguka sebuleni, cha pili kinataka eneo la kuegesha magari. Lami sina, sebule ninayo, basi nikachukua Mini-Z, kigari cha 1/28 cha kampuni ya Kijapani ya Kyosho. Zimekuwepo tangu 1999, kwa hiyo vipuri, bodi na maelekezo ya mafundi mtandaoni yamejaa. Kinakula betri nne za AAA, na zile za kuchaji zinafaa.

Adui wa sebuleni ni zulia. Nyuzi na nywele zinajisokota kwenye ekseli ya nyuma mpaka mota inaanza kulalamika. Nalegeza nati ya gurudumu, nalichomoa, nazivuta kwa kile kibano cha kutolea nyusi (mwenyewe ameshanunua kingine, hiki kimehamia kwangu).

Baadaye nikaacha zulia nikatandika mikeka ya povu ya kuunganisha, ile ya watoto. Inashika vizuri, tena mno: kwenye kona kali kigari kinabinuka. Dawa yake ni kupaka super gluu ubavu wa nje wa tairi za mbele, kidogo tu. Ubavu ukikauka unakuwa mgumu, na tairi inateleza badala ya kung'ang'ania. Karibuni.

Mdau wa Sharjah

Mleta uzi umenena. Huku lami ipo ya kumwaga, ila ina mchanga, na mchanga ndio ulionichagulia gari. Nina TT-02 ya kampuni ya Tamiya, ukubwa wa 1/10. Chasisi yake ni beseni la plastiki, mota moja inazungusha shafti inayopeleka nguvu mbele na nyuma, na giya zote zimefunikwa. Kuna gari zinazotumia mikanda badala ya shafti, zinazokata kona vizuri kuliko hii, lakini chembe ya mchanga ikiingia kwenye mkanda utanikumbuka.

Mjue kwamba linakuja vipande ndani ya boksi, unaunga mwenyewe. Rimoti, servo (mota ndogo ya kukunja magurudumu ya mbele), betri na chaja mara nyingi unanunua pembeni, kwa hiyo usidanganyike na bei ya boksi. Bodi ni plastiki angavu, rangi inapakwa kwa ndani ili ikikwaruzwa isibanduke. Na mkiwa mnaunga, bushi za plastiki wekeni pembeni, tieni beringi za milimita 5 kwa 11 tangu siku ya kwanza. Kufungua gari zima baadaye kwa ajili ya beringi ni adhabu.

Wanaotuagiza huku: betri ya lithiamu ya akiba haipandi kwenye begi la chini la ndege, ni ya mkononi tu. Msitugombeze tukija bila hizo.

Wa Nyali

Mimi nilinunua cha Kichina cha 1/28, jina nalihifadhi. Kilikuja kimeungwa tayari, kina mbio, bei nafuu. Giya ya nyuma ikang'oka meno, muuzaji akaniambia spea hana, ninunue kigari kingine! Siku hizi kabla ya kulipa natafuta kwanza giya na mikono ya mbele inayoshika magurudumu. Nisipoviona vikiuzwa, naondoka.

Chenyewe kinatumia lipo, yaani betri ya lithiamu, ya seli mbili. Seli ikijaa ni volti 4.2, usiishushe chini ya 3, na ukiiweka kabatini iache kwenye 3.8 hivi. Chaji ukiwa macho, juu ya kigae, si kitandani.

Mama Kona (Dodoma)

Nyie wanaume mnasema 1/10 utadhani zote zinalingana. Kuna familia ya M ya Tamiya: ni 1/10 pia, lakini bodi zake ni za magari madogo kama Mini, hivyo kigari ni kifupi. Yangu ni M-05, inavutwa na magurudumu ya mbele. Naendesha na mwanangu kwenye uwanja wa netiboli wa saruji, chupa za maji ndizo kona zetu. Ukizidisha gesi haizunguki kama zile za kusukuma nyuma, inapanuka tu kwenye kona. Achia gesi, pua inarudi ndani. Mtoto aliielewa haraka kuliko baba yake.

Mzee wa Giya

Napingana nanyi kidogo. Swali la kwanza ni jirani ana nini. Ukiwa na gari zuri peke yako utalizungusha wiki mbili uliweke juu ya kabati. Mkiwa na aina moja mnaazimana pinioni (giya ndogo ya kwenye mota) na tairi, na mkishindana anayeshinda ni dereva.

Mgeni

Wakuu, chumba changu ni mita 3 kwa 4, sakafu ya vigae, jirani hana chochote. Nianze na nini?

Mleta uzi

Mgeni, 1/28 bila kujiuliza mara mbili. Vigae vitupu vinateleza, kwa hiyo tenga hela ya mikeka kabla ya hela ya mota ya mbio. Chukua chenye bodi fupi, kinageuka vizuri kwenye nafasi hiyo. Na Mzee wa Giya hajakosea: nunua viwili vya bei ya chini kuliko kimoja cha kifahari, hicho cha pili mshikishe jirani.