Vita haviishi kwa saini moja, acheni kupotosha watu

Wakuu,

Kila ikifika 11 Novemba (Vita vya Kwanza vya Dunia) au 9 Mei (Vita vya Pili) ni yale yale: "siku kama ya leo mkataba wa amani ulisainiwa, vita vikaisha." Mkataba upi huo? Anayeandika hivyo hajawahi kuiona hata hati yenyewe.

Kilichosainiwa Compiègne, Ufaransa, alfajiri ya 11 Novemba 1918, ndani ya behewa la treni, ni makubaliano ya kusitisha mapigano, tena ya siku 36 tu. Yalianza kutumika saa 5 asubuhi, na katika zile saa za katikati askari waliendelea kufa. Ujerumani ilitakiwa kuondoka Ubelgiji, Ufaransa na Alsace-Lorraine ndani ya siku 15, na kukabidhi mizinga 5,000, bunduki za rashasha 25,000, vichwa vya treni 5,000 na mabehewa 150,000. Shabaha ilikuwa kumnyima adui uwezo wa kurudi vitani wakati mazungumzo yenyewe bado. Hata mzingiro wa baharini haukuondolewa, na muda ukaongezwa mara tatu. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, aliyekuwa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), alipata taarifa tarehe 14 na kuweka silaha chini Abercorn tarehe 25.

Mkataba wa Versailles, ule wa amani na Ujerumani, ulikuja 28 Juni 1919. Na hapo pia hapakuisha kitu! Mkataba husainiwa, kisha kila nchi huuridhia kwa utaratibu wake, kisha hati za kuridhia hukabidhiwa. Kifungu cha 440 kilitaka Ujerumani na madola makubwa matatu ya upande wa pili wawe wameridhia, ndiyo maana ulianza kutumika 10 Januari 1920. Hatua hii ya kuridhia ndiyo inayoangusha mikataba mingi, na ndiyo hamuitaji kamwe. Rais Wilson wa Marekani alisaini kwa mkono wake, lakini 19 Machi 1920 Seneti yake ikapiga kura 49 kwa 35, theluthi mbili haikufika. Marekani ikabaki vitani kisheria hadi Bunge lilipopitisha azimio Julai 1921, na mkataba wake peke yake na Ujerumani ukasainiwa Berlin Agosti mwaka huo. Wa Sèvres wa 1920, wa kuigawa dola ya Osmani, haukuridhiwa kabisa. Vita vya Uturuki vikaubatilisha, ukaandikwa mwingine Lausanne 1923.

Sasa 1945. Jenerali Jodl wa Ujerumani alisaini kujisalimisha Reims, Ufaransa, saa 8:41 usiku wa kuamkia 7 Mei. Stalin akagoma, akataka hati isainiwe Berlin na Keitel, mkuu wa majeshi ya Ujerumani. Mapigano yakatakiwa kukoma saa 5:01 usiku wa 8 Mei, wakati Moscow imeshaingia tarehe 9. Huko ni kujisalimisha kwa majeshi, siyo amani kati ya serikali. Mkataba wa amani ungesainiwa na nani? Juni 1945 madola manne washindi yalitangaza kushika mamlaka yote ya Ujerumani, kwa hiyo serikali ya kukaa nayo mezani haikuwepo. Marekani ilitangaza mwisho wa hali ya vita Oktoba 1951, Umoja wa Kisovieti Januari 1955, na yaliyobaki yakamalizwa na mkataba wa Moscow wa 12 Septemba 1990. Huo nao ulisubiri kuridhiwa hadi Machi 1991.

Na nyie wa "Urusi na Japani bado ziko vitani", naomba mpumzike. Ni kweli Wasovieti walikataa kusaini mkataba wa amani na Japani San Francisco 1951. Lakini Azimio la Pamoja la nchi hizo mbili la 1956 lilifuta hali ya vita na kurudisha ubalozi. Kinachokosekana ni mkataba wa amani, kwa sababu ya visiwa vya Kuril wanavyogombania.

Mfano wa kusema "bado" ni Korea. Hati ya kusitisha mapigano ya Panmunjom ya 27 Julai 1953 ilisainiwa na makamanda wa majeshi. Korea Kusini haikusaini. Hati hiyo iliwapa pande zote saa 72 kuondoa majeshi kwenye ukanda wa kilomita 4, na ikapendekeza mkutano wa kisiasa ndani ya miezi mitatu. Mkutano ulikaa Geneva 1954, ukavunjika Juni bila muafaka, na hadi leo ukanda ule unasimama juu ya hati hiyo ya makamanda.

Kwa hiyo mwenye kuleta tarehe hapa ataje hati ipi, nani kasaini kwa mamlaka gani, na iliridhiwa lini. Akishindwa, mods wafute tu.