Aliyemaliza kifungo anyimwe kazi hadi lini?

Mwenye karakana, Mombasa: Kijana aliyefungwa kwa wizi ameniomba kazi ya useremala, ufundi aliojifunza katika gereza la Shimo la Tewa. Nilimpa mguu wa kiti uliolegea, akaukaza kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao iliyochongwa iingie barabara kwenye shimo la mbao nyingine, bila msumari hata mmoja. Mshirika wangu anashikilia kwamba asiye na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi haajiriwi. Je, ni haki?

Mfanyabiashara: Mshirika wako ana hoja, ndugu yangu. Mafundi wenu huingia majumbani mwa watu, na kitu kikipotea lawama itawaangukia ninyi. Isitoshe, aliyeibiwa haulizwi na mtu kama amefidiwa.

Askari magereza mstaafu: Fidia ni suala la mahakama, wala haipatikani kwa kumfanya kijana akae kijiweni. Serikali humfundisha mfungwa useremala na ushonaji kwa fedha za umma, kisha karatasi ya idara nyingine inamfungia mlango. Sijui hapo tunaadhibu nini. Hata Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya 1998 iliruhusu wenye makosa ya adhabu isiyozidi miaka 3 watumikie nje, wakifanya kazi za umma bila malipo.

Mwanasheria: Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu mkataba wa majaribio usiozidi miezi 6. Mwandikieni huo, abaki karakanani kwanza, na kazi za majumbani zije baadaye.