Mafundi wa mashine za boti hapa Dodoma mnatumaliza: nimeteketeza laki tatu, ugonjwa ulikuwa choki

Wakuu, nimekaa na hili wiki tatu nikijiambia niache yapite. Nimeshindwa. Naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi kwa hilo.

Mimi ni mvuvi wa bwawa la Mtera, upande wetu huu wa Dodoma. Natega nyavu za perege, na kambale wakipatikana nashukuru. Mashine yangu ni ya kuning'iniza nyuma ya boti, farasi 15, stroki mbili, silinda mbili, ya zamani. Niliinunua mkononi kwa mtu na imenisomeshea watoto wawili. Mwezi wa sita mwaka huu, baridi ilipoanza, ikaanza kugoma. Alfajiri unavuta kamba mara thelathini, arobaini, mpaka bega linawaka moto. Ikishawaka inatembea vizuri kabisa, na mchana ukiizima ukavuta tena inaitika mara moja.

Hayo maneno niliyosema hapo juu ndiyo nilimwambia fundi. Neno kwa neno. Niliikodia usafiri mashine, zaidi ya kilo 30, kutoka Mtera hadi mjini, nikamwekea mezani nikamweleza: alfajiri inagoma, ikipata moto haina shida. Hakuuliza swali hata moja. Alivuta kamba mara mbili, akasema, "Mzee, hii koili imekufa."

Koili, kile kifaa kinachozipa plagi umeme wa cheche, 140,000. Vifaa vya kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, 45,000. Plagi mbili 20,000. Ufundi 60,000. Nikalipa, kwa sababu mimi ni mvuvi, nikiambiwa na fundi naamini.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo ninapoumia. Koili inayochoka kwa kawaida inakusumbua ikipata joto. Alfajiri inawaka, mchana umezima dakika kumi, ukivuta haitaki. Yangu ilikuwa kinyume chake kabisa! Dalili niliyompa ilikuwa inamwambia aangalie mafuta na hewa, yeye akaenda kwenye umeme. Na angefungua tu plagi baada ya kuvuta mara ishirini, angezikuta kavu. Plagi kavu maana yake petroli haijafika ndani ya silinda. Zikiwa zimelowa na mashine haiwaki, hapo ndipo useme cheche hakuna au imekunywa petroli kupita kiasi. Kipimo hicho hakina gharama, kinataka spana ya plagi tu.

Hajaishia hapo. Ili anionyeshe imepona, aliiwasha uani kwake, nchi kavu, bila pipa la maji, akaikanyagia moto kama dakika mbili. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Dodoma mnalijua, mashine yenyewe ilishakuwa ya moto, ikawaka. Wakuu, impela, lile gurudumu la mapanga ndani ya pampu ya maji ya kupoza mashine, ni mpira. Ule mpira unalainishwa na maji yale yale unayoyasukuma. Ukiuzungusha kavu unaungua muda mfupi sana. Nilipoifunga kwenye boti mpwa wangu ndiye aliyeona: "Mjomba, mbona maji ya kupoza hayatoki kwenye tundu?" Tukazima haraka, tukafungua mguu wa mashine, ule unaozama majini, mapanga ya impela yamekatika. Elfu 35 nyingine. Ndiyo hiyo laki tatu.

Tena kwenye tangi alinichanganyia lita nzima ya oili kwa lita 25 za petroli, na oili yenyewe ya gari. Kitabu cha mashine yangu kinasema 1 kwa 50, maana yake nusu lita, na oili iwe ya boti, ile yenye alama ya TC-W3. Plagi mpya zikawa nyeusi ndani ya siku chache.

Na ugonjwa wenyewe? Uko pale pale. Siku ya tatu tulikuwa kwenye nyavu saa kumi na mbili asubuhi, tumezima tunavuta, mashine ikapoa. Upepo ukaanza. Wanaojua Mtera wanajua yale magogo ya miti iliyozama bwawa lilipojazwa, mengine yanaonekana, mengine yako chini kidogo ya maji yanasubiri ubavu wa boti. Mamba wapo, viboko wapo. Navuta kamba, haiwaki, mpwa wangu anapiga kasia, tunasukumwa kwenye magogo. Kijana ana miaka kumi na tisa. Ningemwambia nini dada yangu?

Tulitoka kwa kasia, mikono imechubuka.

Aliyenitibia mashine ni mzee mmoja mvuvi, mtu wa Ukerewe aliyehamia Mtera miaka mingi. Hana karakana. Aliniuliza, "Mwanangu, inagoma alfajiri tu au hata mchana?" Nikajibu, "Alfajiri tu, mzee." Akafungua kifuniko, akaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, akaniambia vuta. Mvuto wa pili ikanguruma. Kisha akanionyesha: nikivuta kitufe cha choki, kisahani kilichopo mdomoni mwa kabureta kinafunga nusu tu. Kipande cha plastiki kinachounganisha kimekatika, mtu amekifunga kwa waya, waya umelegea. Mashine ikiwa ya baridi petroli haigeuki mvuke vizuri, inataka hewa kidogo na mafuta mengi. Choki isipofunga, hewa inaingia yote na utavuta mpaka jioni. Alikaza ule waya kwa koleo. Alikataa hela, nikampelekea perege wanne.

Fundi alifungua kabureta hiyo hiyo! Aliishika mkononi, akaifunga vifaa vipya, akairudisha na waya umelegea.

Jumatatu nimerudi kwake. Anasema vifaa vikishafungwa havirudishwi. Nikasema sawa, basi nipe koili yangu ya zamani, kwa sababu sasa naamini ilikuwa nzima. Akasema alishaitupa. Koili ya mashine ya boti, katika mji ambao ni shida kuipata, imetupwa?

Kama kuna mvuvi yeyote, awe wa Mtera au Hombolo, ameuziwa koili iliyotumika ya mashine ya farasi 15 hapa mjini kuanzia mwezi wa saba, aseme hapa. Yangu ina mkwaruzo wa rangi nyekundu ubavuni, karibu na tundu la bolti.