Naomba ushauri: ramani ya vyumba vitatu, kiwanja cha mteremko Buswelu

Wakuu, habari za majukumu. Nina kiwanja cha mita 20 kwa 25 huku Buswelu, Mwanza. Upande wa juu kuna jiwe kubwa, na kulipasua sitaki, hela bora iende kwenye msingi. Tutaishi mimi, mke wangu, watoto watatu na mama mzazi, ambaye magoti yanamsumbua sana.

Ramani niliyochorewa imemweka mama mwisho wa korido, na choo cha wote kimetazamana na meza ya chakula. Mlango ukifunguliwa mgeni anaona kila kitu. Hilo silikubali. Nataka mama awe karibu na mlango wa mbele, bila ngazi, na choo chake ndani chenye mlango wa sentimita 90. Shida ni kwamba nikifanya hivyo jiko linabana na stoo inakufa kabisa. Mke wangu anasema jiko la ndani liwe dogo tu, mradi nyuma kuwe na baraza yenye paa, jiko la mkaa na sinki ya kuparia sato.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni mteremko, umeelekea magharibi. Nikiifuata ardhi, msingi unakuwa nafuu lakini vyumba vya kulala vinapigwa na jua la jioni. Nikigeuza nyumba itazame kaskazini, msingi wa mawe unapanda sana upande wa chini.

Waliojenga milimani, mlichagua lipi? Na shimo la choo mlichimba wapi penye mwamba?