Ford vs GM: nani alikuwa na akili ya biashara?

Kila mada ya magari ya zamani ikija hapa lazima mtu aseme Henry Ford ndo baba lao, GM (General Motors, wapinzani wake) walidesa tu. Mi napinga.

Sikatai, kwenye kutengeneza jamaa alikuwa noma. Gari lake la Model T lilitoka 1908 bei kama dola 850, 1913 pale Highland Park akafanya chasisi itembee mbele ya mafundi badala ya mafundi kuizunguka, kazi ya masaa 12 na nusu ikashuka mpaka kama saa moja na nusu, kufika 1925 ya bei ya chini kabisa ni dola 260. Ila akaamini mteja anataka bei rahisi basi. Rangi nyeusi tu miaka kibao upende usipende, na kuwasha unashuka unazungusha mpini kwa mbele, ukikurudia vibaya unavunja mkono, wakati Cadillac ya GM ina starta ya umeme tangu 1912!

Alfred Sloan kashika GM 1923, akapanga magari yao kwa ngazi za bei, Chevrolet chini, Cadillac juu, ukipata hela unapanda humohumo. Na kubwa kuliko yote mkopo: GMAC, kampuni ya mikopo ya GM, ilikuwepo tangu 1919, unatoa kianzio unaondoka na gari. Ford alichukia madeni, 1923 akaleta mpango wake, unaweka dola 5 kila wiki hela ikitimia NDO unapewa gari. Nani asubiri wakati jirani anapiga honi?

Jibu: Mkuu unamwonea. Model T milioni 15, gari za aina moja, unaita kufeli? Halafu mwanzilishi wa GM, Durant, alinunua makampuni hovyo mpaka mabenki wakamtoa 1910, karudi 1916, katolewa tena 1920. Huo nao mkakati?

Mleta mada: Durant sio Sloan, usichanganye mafaili. Hizo milioni 15 ndo zilimlewesha, 1927 kafunga uzalishaji miezi kama sita ajipange kwa gari jipya, Model A, maana hakuwa na gari nyingine ya bei hiyo ya kuuza, na mwaka huohuo Chevrolet ikampita. 1928 akaanzisha kampuni yake ya mikopo, Universal Credit. Kama alikuwa sahihi, hiyo ya nini?