Bunduki mbili za urithi: nichukue ya nyundo yenye jina "W. Richards" au hii isiyo na jina?

MjukuuMkubwa
Wakuu, salaam. Babu ametangulia mbele ya haki na ameacha bunduki mbili za marisau, zote za mitutu miwili iliyolala sambamba. Wazee wameamua moja ije kwangu, nyingine iende kwa binamu yangu, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa naanza kuchagua. Habari za vibali zinashughulikiwa, hilo tuliache.

Ya kwanza ina nyundo mbili za nje, nakshi za maua na ndege kila mahali, mitutu ina mistari ya mawimbi kutoka mwanzo hadi mwisho. Juu, katikati ya mitutu, imeandikwa W. RICHARDS. Nasikia huyo ni Mwingereza na bunduki zake ni mali. Ya pili haina nyundo wala jina, nyeusi tupu, kitako kimepasuka na mtu alishakigongelea msumari. Binamu anaitaka ya nyundo. Kikao cha familia kinakaribia. Ipi nichukue?

Kasiba
Mkuu, hapa ni sawa na kutuuliza gari lipi zuri kati ya jekundu na jeusi. Geji, yaani ukubwa wa tundu la mtutu, ni ngapi? Chemba, pale risasi inapokaa, zina urefu gani? Ukivua mbao ya mbele na kutenganisha mitutu na kitako, chini kuna mihuri gani? Namba je? Halafu unaitaka ya kazi gani: kuwinda, kuuza au kutundika ukutani? Yote hayo umeyaruka, umetusimulia ndege waliochorwa.

BibiTetere
Kabla hamjafika mbali: umeangalia kama zina risasi? Usiniambie babu hakuwa akizitumia. Bunduki za wazee hukaa nyuma ya kabati miaka na miaka na risasi ziko ndani. Elekeza mdomo mahali salama, ifungue, chungulia chemba zote mbili. Na usizifyatue kavu ili usikie mlio tu. Pini za zamani hukatika.

MjukuuMkubwa
Zote tupu, asante mama. Geji ni 12, maana risasi za 12 zinaingia bila taabu. Mihuri sijui ni kitu gani. Jina si lipo pale juu? Mbona mnanizungusha wakuu.

MzeeNamba
Kijana, hakuna anayekuzungusha. Jina la juu ni tangazo la biashara. Mwenye duka aliweza kuagiza bunduki popote na ikaandikwa jina alilolipenda yeye. Mihuri ya chini ndiyo iliyogongwa na watu wenye sheria mkononi. Uingereza, Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani, kote huko bunduki ilipelekwa kwenye kituo cha majaribio, ikafyatuliwa kwa shehena nzito kuliko ya kawaida, na ikitoka salama inagongwa. London majaribio yako chini ya chama cha mafundi bunduki chenye hati ya kifalme ya 1637. Kituo cha Birmingham kilianzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1813. Marekani hawakuwa na kituo cha namna hiyo cha taifa, kwa hiyo za kwao hubidi uzitambue kwa njia nyingine.

Vua mbao ya mbele, fungua mtambo, yaani sehemu ya chuma yenye vifaa vya kufyatulia, mitutu itatoka. Chini yake, karibu na chemba, kuna sehemu iliyochongwa bapa. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, usikwangue, usitie msasa. Ukiona ELG ndani ya umbo la yai, hiyo ni Liège, Ubelgiji. Ukiona fimbo mbili za kifalme zimepishana chini ya taji, ni Birmingham kabla ya 1904. Taji juu ya BP, BV na NP ni Birmingham kuanzia 1904. Matawi ya mtende yaliyopishana ni Saint-Étienne. Herufi N yenye taji juu yake, hapo anza kumfikiria Mjerumani. Na tuma picha.

Kasiba
Nakazia kwa mzee. Kuhusu jina lenyewe: kampuni kubwa ni Westley Richards ya Birmingham, iliyoanzishwa 1812 na William Westley Richards. Sasa ukimwandika "W. Richards", mnunuzi asiye makini anadhani ni huyo huyo. Wauzaji wa Liège waliupenda sana mchezo huo na bunduki za namna hiyo zilisambaa dunia nzima. Ila tusihukumu kwa jina peke yake, maana Uingereza kulikuwa na mafundi wengine halali wenye jina la Richards. Mihuri ndiyo itasema.

Sambamba20
Mimi ningekwambia uza zote mbili ununue ya juu-na-chini ya kisasa, yenye choki (vibano vya mdomo wa mtutu) za kubadilisha. Bunduki za makumbusho ni mzigo. Leo ufa, kesho springi, keshokutwa unamtafuta fundi ambaye naye alishafariki.

BibiTetere
Sambamba20, jina lako lenyewe linakusuta.

MjukuuMkubwa
Nimevua. Ya nyundo ina ELG ndani ya yai, juu yake taji dogo, pembeni kuna kitu kama nguzo imesimama juu ya ngazi. Pia kuna umbo la almasi lenye 12 na C ndani. Nimesoma mahali kwamba hiyo almasi ni alama ya Waingereza. Sasa nani mkweli? Isiyo na jina ina taji juu ya BP, taji juu ya BV, taji juu ya NP, na almasi hiyo hiyo.

MzeeNamba
Almasi isikudanganye, Ubelgiji nao waliitumia. Ile nguzo ni mnara wa mji wa Liège, wakaguzi wao walikuwa wakiugonga kama alama. Taji juu ya ELG lilianza 1893, kwa hiyo yako haitangulii mwaka huo. Tafuta pia herufi moja ndogo ya mwaka. Hizo zilianza 1922, na isipokuwepo huenda bunduki ni ya kabla ya hapo. Herufi mbilimbili zenye taji au nyota ni za wakaguzi, usije ukadhani umempata fundi.

Kwa ufupi "Richards" wako ni Mbelgiji. Si tusi hilo. Wabelgiji walitengeneza nzuri sana na mbovu sana, na za kusafirisha nje zilikuwa za kila daraja.

Isiyo na jina ndiyo inayonivutia. NP ni majaribio ya baruti isiyo na moshi. Birmingham, 1904 au baadaye. Tazama kama kuna maandishi ya tani, mfano 3 TONS. Yasipokuwepo ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1950.

MjukuuMkubwa
Tani hakuna. Kwa hiyo yenye msumari ndiyo Mwingereza? Nimeishiwa nguvu.

Kasiba
Na kukosa jina si ajabu. Birmingham kulikuwa na mafundi waliotengeneza bunduki nzima wakaziuzia maduka ya miji mingine, duka likaandika jina lake au lisiandike kitu. Kama mtambo uko ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa, bila bamba kubwa la pembeni, basi karibu bila shaka ni mtindo wa Anson na Deeley, waliokuwa mafundi wa hao hao Westley Richards, 1875. Yaani ile isiyo na jina inaweza kuwa na undugu na Richards kuliko ile iliyoandikwa Richards!

Nyundo_Mbili
Mnaipiga vita ya nyundo bure. Ya nyundo unaiona kwa macho kama imetegwa au haijategwa, hata ukiwa mbali. Mimi sibadilishi na kitu. Na hiyo mitutu ya mawimbi ni chuma cha Damaski, tepe za chuma zilizosokotwa na kuunganishwa kwa moto. Kazi hiyo leo nani anaiweza?

Sambamba20
Na ndiyo itakayokung'oa vidole. Damaski ni ya kutundika ukutani, basi.

Nyundo_Mbili
Hayo ya kusikia. Mwaka 1888 kituo cha Birmingham kilipima aina nyingi za mitutu hadi ikapasuka, na ya chuma kilichosokotwa nyuzi tatu ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza, juu ya chuma cha kipande kimoja. Kuna mitutu ya Damaski iliyofaulu hata majaribio ya baruti isiyo na moshi.

Kasiba
Kweli kabisa, ila mitutu ya jaribio lile ilikuwa mipya. Ya babu imekula baruti nyeusi na fataki (viwashio vya risasi) zenye chumvi kwa miongo, pengine bila kusafishwa siku hiyo hiyo. Kutu hupenya kwenye viungo vya tepe usikokuona. Bila kupima unene wa ukuta wa mtutu na bila fundi kuchungulia ndani, mimi siifyatui. Wengi hawapendi kuona chini ya nusu milimita. Tena wapo waliokuwa wakichora mawimbi ya bandia juu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo hata kuitwa Damaski tusikimbilie.

Mjukuu, jambo la hatari zaidi ulilipitia juu juu: "risasi za 12 zinaingia". Chemba nyingi za zamani ni milimita 65, risasi nyingi za leo ni za 70. Itaingia vizuri kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Ukifyatua, mkunjo unafunguka ndani ya sehemu inayoanza kubana, njia inasongwa na shinikizo linapanda. Kuingia si kipimo.

NdegeJuu
Niongeze la kwangu, kwa sababu naona mtu ana haraka na kikao. Baba aliniachia geji 16 ya Saint-Étienne, nyepesi, kitako chembamba, unaiinua na jicho limeshafika kwenye shabaha. Ilikuwa na madoa ya kutu tu. Nikaipeleka karakana moja, siitaji, nikawaambia wazi: safisheni, mihuri msiiguse. Niliporudishiwa inang'aa kama sufuria mpya. Walikuwa wameipitisha kwenye mashine ya kung'arisha. Matawi ya mtende yamebaki nusu, namba huisomi hata ukimulika kwa pembeni, kingo zote zimekuwa duara. Nikauliza, nikajibiwa "si ulitaka isafishwe?"

Hayo sikuyaona makubwa hadi msimu uliofuata. Kumbe walipaka weusi kwa kuchemsha mitutu kwenye magadi makali. Mitutu miwili sambamba imeunganishwa kwa madini ya risasi na bati yaliyoyeyushwa, na ile dawa inakula kiungio. Ubavu wa katikati, ule utepe wa chuma kati ya mitutu, ukaanza kuachia, kila nikipangusa mafuta inatoka kutu nyekundu kutoka ndani. Fundi mwingine aliining'iniza mitutu kwa kamba na kuigonga kwa ukucha. Mizima inalia kama kengele, ya kwangu ililia kama kopo. Ukipewa ofa ya "kuifanya iwe mpya", kimbia.

BibiTetere
Pole sana mwanangu. Geji 16 wameifanyia unyama.

Sambamba20
Geji 16 nayo risasi zake kuzipata mpaka uombe dua. 12 au 20, basi.

NdegeJuu
Ya 16 ina mtutu wa milimita 16.8 na inabeba marisau ya kutosha ndege yeyote. Anayelalamikia risasi hajawahi kuibeba siku nzima.

Nyundo_Mbili
Tuanzishe uzi wa 16 pembeni jamani.

MjukuuMkubwa
Wakuu rudini kwangu. Nimeona namba. Isiyo na jina, kwenye mitutu kuna namba moja, kwenye chuma chini ya kinga ya triga kuna namba nyingine kabisa, na kwenye chuma cha mbao ya mbele ipo ile ya kwenye kinga. Hii maana yake nini? Na je, nikiwaandikia hao Westley Richards watanitajia mwaka?

MzeeNamba
Aa. Hapo umetuletea kesi mpya. Maana yake mitutu huenda haikuzaliwa na mtambo huo. Mihuri ya kwenye mitutu inaieleza mitutu tu. Tazama sasa uso bapa wa mtambo wenyewe, pale mitutu inapokalia: Waingereza waligonga na huko. Tuandikie kila herufi, hata ndogo isiyoeleweka.

Westley Richards, Purdey na Holland & Holland wana madaftari yao na kwa namba wanaweza kutafuta, ila ni kwa bunduki walizoziuza wao. Kuwapelekea namba ya bunduki isiyo na jina ni kubahatisha. Namba ya hataza au herufi za fundi wa mitutu zingekusaidia zaidi.

BinamuWaPili
Kaka, shikamoo. Nimetumiwa uzi huu na shemeji. Kumbe ndiyo maana jana ulianza kuisifia ya nyundo kwa bidii.

MjukuuMkubwa
Marahaba mdogo wangu. Nilikuwa nafanya utafiti tu.

BinamuWaPili
Mimi naitaka ya nyundo kwa sababu babu alinifundishia hiyo, hata ikiwa ya Liège, ya mwezini, sawa tu. Lakini hiyo nyingine msifunge mahesabu. Babu alikuwa na mitutu mingine ndani ya mfuko wa turubai, mifupi kidogo, bila kitako. Aliniambia ndiyo "ya kwake ya asili". Mfuko uko kwa shangazi mkubwa.

Kasiba
Usiipake chochote. Picha ya bapa la chini, mwanga wa pembeni, na namba.

Sambamba20
Na upime chemba. Ikiwa 65 mtanikumbuka.

Nyundo_Mbili
Imeandikwa jina juu?

BinamuWaPili
Kuna jina, ila limeliwa na kutu katikati. Linaanza na S au G. Naenda kwa shangazi Jumamosi, kama kaka hatanitangulia.