Kesi ya kula njama katika mahakama ya shirikisho Marekani: sisi wa Kisumu tushike wapi?

NyalendaB
Hamjambo wakuu. Shemeji yangu yuko rumande Texas. Ameshtakiwa pamoja na wenzake 6 kwa kula njama ya ulaghai kwa njia ya mawasiliano, kifungu 1349 cha sheria ya jinai ya Marekani. Hati inasema pesa ziliingia katika akaunti yake ya benki, akabakisha kidogo, nyingine akazituma, na baadhi zikafika huku kwa M-Pesa. Wanne kati ya hao 6 hawajui hata kwa sura. Mtu hulaje njama na watu asiowajua? Na sisi huku tufanye nini? Kuna jamaa anataka tuchange ili "amalizane na mahakama".

Wakili_Milimani
Pole sana. Huyo jamaa msimpe hata shilingi. Asiye na uwezo hujaza fomu ya CJA 23 kuonyesha mali na mapato yake, naye hakimu humpa wakili wa kulipwa na serikali. Baadhi ya mawakili hao hawana kazi nyingine ila kesi za shirikisho. Msiwadharau kwa kuwa ni wa bure.

Sasa njama. Kutowajua wenzako, peke yake, si utetezi. Kiongozi wa mashtaka anatakiwa kuthibitisha kwamba kulikuwa na mapatano, kwamba mshtakiwa alijua lengo lake haramu, na kwamba aliingia kwa hiari. Chini ya kifungu 371, ambacho mwisho wake ni miaka 5, lazima pia mmoja wao awe ametenda jambo la kusukuma mpango mbele. Kifungu 1349 hubeba adhabu ya kosa lenyewe, yaani hadi miaka 20 kwa ulaghai wa aina hii, na mahakama za rufaa zimeshikilia kuwa hakihitaji kitendo hicho. Kwa hiyo "sikufanya kitu" haimfikishi mbali. Kinachobishaniwa ni alijua nini, na alikubali nini hasa.

Hapo ndipo wale wanne wanakuwa na maana. Katika kesi ya Kotteakos ya mwaka 1946, watu mbalimbali walipata mikopo ya ulaghai kupitia mtu mmoja, kila mmoja na shughuli yake. Mahakama ya Upeo ilisema hizo ni njama nyingi, si moja: ni kama gurudumu ambalo spoki zimeshikana katikati, lakini rimu ya kuziunganisha haipo. Ikiwa shemeji alishughulika na mtu mmoja tu na hakutegemea kazi ya wale wengine, wakili ajenge hoja hiyo mapema. Mwaka huohuo kesi ya Pinkerton iliruhusu mtu kubebeshwa makosa ya wenzake yaliyotendwa kuendeleza njama na yaliyotarajiwa, kwa hiyo ukubwa wa njama si jambo la karatasi tu.

Section58_Nakuru
Niongeze upande wa ushahidi, maana kesi hizi huvunjikia hapo.

Kwa mtu aliyepokea na kupitisha pesa, serikali huwa na hoja ya pili: kwamba alishuku na akajifumbia macho makusudi. Watatafuta alama zake: akaunti kufunguliwa kwa jina la biashara isiyokuwepo, pesa kutolewa siku ileile, maelezo ya uongo kwa mfanyakazi wa benki, benki kumfungia akaunti naye akafungua nyingine. Utetezi huenda kinyume chake: alitumia jina lake halisi, aliuliza pesa ni za nini, alipewa jibu la kuaminika, aliacha alipoingiwa na shaka. Yote hayo yako kwenye ujumbe wa simu. MSIFUTE KITU, hata ujumbe unaoona ni mbaya. Kufuta ili kuvuruga uchunguzi ni kosa jipya la hadi miaka 20.

Simu za rumande hurekodiwa, na kiongozi wa mashtaka anaweza kuzisikiliza. Kusema Kidholuo hakufichi lolote, mkalimani ataitwa. Ongeeni habari za watoto, kesi aongee na wakili.

M-Pesa: picha ya skrini haitoshi. Chukueni taarifa kamili, kila muamala uoanishwe na risiti ya karo, hospitali au ujenzi. Kisha wakili wa kule aombe rekodi zilizothibitishwa na mtunzaji wake kwa kiapo, kwa mujibu wa kifungu 3505. Upande wa pili lazima ujulishwe mapema, kwa hiyo asisubiri wiki ya kesi.

NyalendaB
Asanteni sana. Na dhamana? Tukichanga tutume?

Wakili_Milimani
Msitume kabla wakili hajasema. Hakimu anaweza kuuliza chanzo cha pesa za dhamana, na mchango usio na maelezo humharibia. Andaeni mkataba wa kuuza shamba, taarifa za sacco, orodha ya waliochanga. Mara nyingi dhamana huwa ni ahadi yenye sahihi za watu wanaoishi Marekani, si fedha taslimu. Utetezi unaweza kuomba kikao cha dhamana kiahirishwe hadi siku 5 ili kujiandaa; akikataliwa, jaji wa wilaya, aliye juu ya hakimu huyo, anaweza kuombwa aupitie uamuzi. Akisalimisha pasipoti, asiombe nyingine ubalozini. Na kama hana karatasi za kuishi Marekani, maafisa wa uhamiaji wanaweza kumchukua siku atakayoachiliwa, kwa hiyo hilo liulizwe kwanza.

Lurambi_7
Kabla hajakiri kosa, aangalie kiasi cha hasara kitakachoandikwa kwenye makubaliano. Ulaghai wenye hasara ya zaidi ya dola 10,000, pamoja na njama yake, uhamiaji huuweka katika kundi linalofunga karibu kila njia ya kubaki. Tangu kesi ya Padilla, 2010, wakili anawajibika kumweleza hatari ya kufukuzwa nchini.

Hasara hiyo pia huongeza kifungo. Mwongozo wa hukumu wa shirikisho, kipengele 1B1.3, humhesabia matendo ya wenzake ikiwa tu yalikuwa ndani ya shughuli aliyokubali, yaliiendeleza, na angeweza kuyatarajia. Wakili adai hesabu ya kilichopita kwenye akaunti yake, si jumla ya watu wote 7. Kisha aombe punguzo la mhusika mdogo, ngazi 2 hadi 4 za uzito wa kosa katika mwongozo huo. Na asikae na wapelelezi bila wakili kando yake, maana kuwadanganya ni kosa la peke yake, hadi miaka 5.